"Namba ya siri imetumika" si uchunguzi

MWALONI
Na Bwire Magesa

Mama mmoja wa Buswahili, Butiama, mchuuzi wa dagaa, aliamka akakuta meseji za benki: fedha zimetolewa kwenye mashine usiku wa manane. Kadi yake imo kwenye pochi. Akapanda gari hadi Musoma, na kaunta ikammaliza kwa jibu moja: namba ya siri imetumika, kwa hiyo ni wewe au mtu wa nyumbani kwako. Akarudi kijijini akimtilia shaka mwanawe wa kumzaa.

Jibu hilo ni dhuluma. Benki ndiyo yenye kumbukumbu zote: ni mashine ipi, saa ngapi, kadi ilisomwa kwa chipu au kwa ule mstari mweusi wa sumaku ambao wezi hunakili, na kamera ilinasa sura ya nani. Mama ana neno lake tu, halafu yeye ndiye atoe ushahidi?

Uingereza, konstebo wa polisi alilalamikia fedha zilizotoka kwenye akaunti yake mwaka 1992. Akashtakiwa yeye kwa udanganyifu, akatiwa hatiani 1994. Rufaa ilimwachia huru 1996, baada ya taasisi iliyotunza fedha zake kumkatalia mtaalamu wa utetezi kukagua mitambo. Marekani tangu 1978 sheria inaitaka benki ndiyo ithibitishe kwamba mteja aliridhia.

Kwetu, Benki Kuu ilitoa kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha mwaka 2019, na ina dawati la malalamiko. Ila sharti uanze kwenye benki yako, na hapo ndipo wengi hukwama, maana maneno ya kaunta hayaachi alama. Kadi ifungwe siku hiyohiyo. Kisha andika barua: taja kila muamala unaoukana, omba namba ya mashine na picha za kamera, na uwahi, kwa kuwa kamera hufuta za zamani. Nakala yako igongwe muhuri wa mapokezi. Pitia polisi uchukue RB. Benki ikikataa, ikatae kwa maandishi, ndipo utakuwa na cha kupeleka Benki Kuu.

Nanyi mameneja wa matawi ya Musoma na Bunda, mhudumu wa kaunta asitoe hukumu. Apokee malalamiko, ayasajili, ampe mteja namba ya kuyafuatilia.