Simu ikikataa kupakua, usikimbilie fundi

Leo tuzungumzie jambo ambalo limewatoa wengi jasho, hasa wazazi wetu kule mashambani. Unataka kuweka programu fulani katika simu. Unabonyeza, kiduara kinazunguka weee, na mwishowe unaambiwa usubiri. Unasubiri hadi jioni. Kesho yake ni yale yale.

Shangazi yangu wa Machakos alinipigia mapema juma lililopita. "Mwanangu, simu imenikataa." Chama chao cha akiba na mikopo kilikuwa kimewatangazia wanachama kwamba maombi ya mkopo wa karo yangepokelewa kupitia programu ya simu pekee, na siku ya mwisho ilikuwa Jumatatu. Mjukuu wake alikuwa akiingoja karo hiyo. Nami, kwa kujiona mjuzi wa mambo ya mjini, nikamwambia kwamba bila shaka ni bando iliyoisha. Nikamnunulia gigabaiti moja. Kufikia wakati wa chajio bando ilikuwa imekwisha na programu haijaingia. Nikamnunulia nyingine, nayo ikafuata njia iyo hiyo.

Ijumaa akanipigia tena, safari hii kwa furaha. Alikuwa amepata fundi sokoni. Fundi huyo alimwambia kuwa simu ina virusi, na kwa shilingi 500 angeifuta yote iwe kama mpya, kisha amtilie programu hiyo kutoka kwa simu yake mwenyewe.

"Shangazi, usimpe! Naja kesho asubuhi."

Hebu nikueleze, msomaji, kwa nini nilishtuka hivyo. Ndani ya simu hiyo mna picha za marehemu mumewe, aliyetuacha mwaka wa 2021, na hazipo mahali pengine popote. Zaidi ya hayo, simu nyingi za Android zikifutwa kwa vile vitufe vya pembeni, jinsi mafundi wa vibandani hufanya, huwaka zikiuliza anwani ya barua pepe na nywila iliyotumiwa hapo awali. Ni kinga dhidi ya wezi. Lakini shangazi hakuijua anwani yake. Iliundwa na kijana wa dukani siku aliponunua simu, na hakuna aliyemwandikia hata kwenye kijikaratasi. Angepoteza picha na simu kwa mkupuo mmoja.

Na hiyo programu ya kutiliwa! Programu ya fedha haichukuliwi kutoka kwa simu ya mtu usiyemfahamu. Iliyoghushiwa inaweza kufanana na ile halali kwa jina na rangi, kumbe inausoma ujumbe wako mfupi na kuinasa namba ya siri unapoiandika. Yule fundi huenda ni mtu mwema, lakini hata yeye hajui ilikotoka.

Basi Jumamosi nilifika, tukanywa chai, tukaketi na ile simu chini ya mwembe. Niliingia kwenye mipangilio, ile alama ya gurudumu lenye meno, nikatazama nafasi. Simu ya gigabaiti 32 ilikuwa imebakiza chini ya nusu gigabaiti. Neno "kupakua" tulilizoea jikoni, na sahani iliyofurika haipakuliwi tena. Usidanganyike ukiona programu ni ndogo kuliko nafasi iliyosalia. Hushuka ikiwa imefungashwa, na lazima ipate mahali pa kufunguliwa.

Nikafungua Play Store, nikabonyeza ile picha ndogo ya mwenye simu iliyo pembeni juu, nikaingia sehemu ya kusimamia programu. Loo! Programu kumi na nne zilikuwa foleni zikingoja kujisasisha, na ile ya chama ilikuwa mkiani. Bando zangu mbili zilikuwa zimeilisha michezo ya magari ambayo wajukuu waliiweka wakati wa likizo.

Tulianza na picha. Tulizinakili zote kwenye kadi ya kumbukumbu, shangazi akazifungua moja moja kuhakikisha zimo, na hilo pekee lilitula saa nzima kwa sababu kila picha ilikuwa na hadithi yake. Kisha tukaingia WhatsApp, kwenye mipangilio, sehemu ya hifadhi, ambako video kubwa na zile zilizosambazwa mara nyingi huorodheshwa peke yake. Vichekesho na salamu za "asubuhi njema" zilikuwa zimekalia gigabaiti nne. Tukazifuta. Tukasimamisha ile foleni yote, kisha tukaiita programu ya chama peke yake. Ilichukua dakika tatu.

Kwako wewe huenda tatizo likawa lingine. Tazama tarehe na saa. Betri ikizimika kabisa, baadhi ya simu hurudi miaka ya nyuma, na Play Store haikubali kuzungumza na simu inayodhani tuko mwaka mwingine. Tazama pia kama umeiamuru ipakue kwa waifai pekee, ilhali nyumbani huna. Ikigoma bado, iwashe upya, kisha ufute akiba ya muda ya Play Store. Ila uwe mwangalifu sana hapo: kufuta akiba ya muda ni tofauti na kufuta data, na ukikosea ukafuta data ya WhatsApp, mazungumzo ambayo hukuyahifadhi kwingine yamekwenda. Simu kuukuu mno nayo haina dawa. Zile za Android 4.4, toleo lililotoka 2013, ziliachwa na huduma za Google Play mnamo Agosti 2023.

Shangazi alituma ombi lake saa kumi jioni, siku mbili kabla ya mlango kufungwa. Kabla sijaondoka tulibadilisha nywila ya ile akaunti, naye akaiandika pamoja na anwani nyuma ya kitabu chake cha nyimbo. Akaniapisha nisimwambie mtu ni ukurasa gani.