SUKARI YA SIKUKUU NI ADUI WA MENO YA WATOTO WETU



Hatuji kuwakataza kusherehekea. Idi ni Idi, Krismasi ni Krismasi, na mtoto lazima afurahi. Lakini twauliza: ni furaha gani hii, mtoto wa Charambe avishwe nguo mpya, apewe fedha ya sikukuu, ashinde viwanja vya Zakhem na pipi kinywani kutwa, kisha baadaye akeshe akilia kwa jino?

Mwalimu Nyerere alitufundisha maadui watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Jino lililooza limewakusanya wote watatu katika kinywa kimoja. Lenyewe ni maradhi. Limeletwa na kutojua. Na kulitibu kunakula fedha ya unga.

Wako wasemao, "Sikukuu ni mara moja, mwache ale." Kwa jino si mara moja. Kinywani mna vijidudu vinavyokula sukari na kutoa asidi, na asidi hiyo huyeyusha gamba gumu la jino. Kila ulapo sukari, shambulio huchukua karibu nusu saa kabla mate hayajapata nafasi ya kutengeneza. Mtoto aliyekula kashata pamoja na pilau ameshambuliwa mara moja. Lakini anayemumunya pipi na ubuyu wa sukari toka asubuhi hadi magharibi, meno yake hayana hata saa moja ya amani.

Haya yalijulikana zamani. Mwaka 1954 wataalamu wa Sweden walitangaza majaribio ya Vipeholm, ambamo wagonjwa wenye ulemavu wa akili walilishwa tofi bila ridhaa yao, na meno yao yakaoza. Ikaonekana kuwa sukari inayonata, iliwayo kati ya milo, ndiyo iharibuyo zaidi. Ukweli ulionunuliwa kwa mateso ya wanyonge, je, sisi tuutupe?

Wako tena wasemao, "Ni meno ya utoto, yatang'oka." Huo ni ujinga wa hatari. Magego ya kwanza ya ukubwani huota mtoto afikapo miaka 6 hivi, nyuma ya meno ya utoto, wala hakuna jino ling'okalo kuyapisha. Mzazi hudhani ni ya utoto, akayaacha yaoze. Hayo yakienda hayarudi!

Tazameni kuta za maduka Barabara ya Kilwa, zilivyopakwa rangi za soda. Chupa ya mililita 350 yaweza kuwa na sukari karibu vijiko 9 vya chai. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri hata mtu mzima asipite kama vijiko 12 kwa siku, na nusu yake ni bora zaidi. Faida ni ya mwenye kiwanda. Sindano ya ganzi na koleo ni vya mwanao.

Basi tufanye hivi. Vitamu viliwe pamoja na chakula, kisha basi. Kiu ikatwe kwa maji. Mgeni aletaye zawadi alete machungwa au karanga. Kabla ya kulala kila mtoto apige mswaki kwa dawa yenye floridi, mzazi akisimamia, na baada ya hapo asile kitu. Jino likitoboka, msingoje liume. Mpelekeni kwa mganga wa meno.

Akina mama, akina baba, tusingoje serikali ije kuwafumba watoto wetu vinywa. Kazi hii ni yetu, nayo yaanza sikukuu hii!