Choo Kisiwe Sababu ya Kumrudisha Mtoto Nyumbani

Hapa Kakuma na Kalobeyei kuna watoto ambao hawaendi shule, na shida si sare wala umbali. Shida ni choo. Mtoto ana usonji, ana miaka 7 au 8, bado anajikojolea au kujichafua darasani. Mama anaitwa, anaambiwa: "Mama, mrudishe kwanza nyumbani. Akishajua kwenda choo, umlete." Hakuna barua wala tarehe ya kurudi. Baada ya muda, kwenye rejesta anaandikwa kuwa ameacha shule.

Sisi vijana tunaoandika hapa tunasema hapana. Mtoto huyo hakuacha shule, shule ndiyo iliyomwacha. Na sharti alilopewa mama yake ni sharti ambalo haliwezekani. Tutaeleza kwa nini.

Kwanza tuelewane kuhusu usonji wenyewe. Si kurogwa, si laana ya ukoo, na si mtoto kudekezwa. Ni namna ubongo unavyokua tangu utotoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 karibu mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa hiyo kila kambi inao watoto hawa, hata kama hatuwaoni barabarani.

Wengi wao huchelewa kujua choo, na sababu zipo. Kuna asiyetambua mapema kwamba mwili unamwita. Kuna anayetambua lakini hana maneno ya kumwambia mwalimu. Na kuna ambao masikio, pua na ngozi zao zinapokea mambo kwa nguvu kuliko sisi. Sasa fikiria vyoo vyetu vya shule: chumba cha mabati, jua la Turkana juu yake, giza ndani, nzi, harufu, shimo jeusi katikati, na nje watoto wengine wanagonga mlango wakipiga kelele. Hata sisi wakubwa tunaziba pua na kutoka mbio. Mtoto mwenye usonji yeye anagoma kuingia kabisa, halafu anaitwa mkaidi.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni hili: mtoto mwenye usonji mara nyingi akijifunza kitu mahali pamoja, hakihami chenyewe kwenda mahali pengine. Anaweza kuwa anatumia choo cha nyumbani vizuri, kwa sababu anakijua, mama yuko karibu, na maneno ni yaleyale. Akifika shuleni, hicho ni choo kingine, kwake ni somo jipya. Kwa hiyo ukimwambia mama "amalize kujifunza nyumbani ndipo aje," ni kama kumwambia mtu ajue kuogelea kwanza ndipo aguse maji. Choo cha shule kinafundishwa shuleni. Hakuna njia ya mkato.

Na kazi hiyo haihitaji mashine wala mradi wa mamilioni. Inaanza na daftari. Kwa wiki moja au mbili, mtu anaandika saa ambazo mtoto amejisaidia. Utaona kuna mpangilio. Mara nyingi tumbo hufanya kazi baada ya kula, basi baada ya uji wa saa ya mapumziko ni wakati mzuri wa kumpeleka. Apelekwe kabla ya saa yake, si baada ya kuchafuka. Hatua zichorwe kwenye vipande vya katoni: mlango, kuvua, kuchuchumaa, kujisafisha, kuvaa, kunawa. Zipangwe kwa mfuatano, aone moja baada ya nyingine. Akifaulu hata hatua moja, apewe kile anachokipenda pale pale, iwe kizibo cha soda, wimbo au zamu ya kugonga kengele.

Halafu kuna suala la lugha, na hili linatuhusu sisi wakimbizi hasa. Mtoto nyumbani anasikia Kirundi au Kiswahili cha Bukavu, shuleni anasikia Kiingereza, na msaidizi naye ana neno lake. Mtoto mmoja, choo kimoja, maneno matatu! Mama na mwalimu wakubaliane neno moja au ishara moja ya mkono, wote waitumie kila siku.

Kiboko hakifundishi choo. Kinafundisha mtoto kujificha na kujizuia, na akijizuia choo kinakuwa kigumu, kinamuuma, anaogopa zaidi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013 inakataza adhabu ya viboko. Mtoto ambaye anapata choo kigumu mara kwa mara apelekwe kliniki kwanza. Huenda tunamlaumu kwa jambo ambalo ni ugonjwa wa tumbo.

Tunajua jibu la walimu: "Nina watoto zaidi ya mia darasani, nitamwacha nani nimpeleke mmoja choo?" Ni kweli, na hatuji hapa kuwagombeza. Wengi wao ni wakimbizi kama sisi, wanafanya kazi kwa posho ndogo, na misaada inazidi kupungua. Lakini mzigo huo haukuisha mtoto aliporudishwa. Umehamishiwa kwa mama, ambaye hawezi tena kupanga laini ya chakula wala kuuza maandazi sokoni. Mara nyingi unahamia kwa dada mkubwa, anayeacha masomo ili amlinde mdogo wake. Rejesta inahesabu mtoto mmoja aliyetoka, kumbe wametoka wawili.

Kwa hiyo ombi letu kwa mashirika na kamati za shule ni mambo matatu. Kwanza, kila shule itenge choo kimoja chenye mwanga, maji, mahali pa kushikilia, na kiti juu ya shimo. Kanuni ya Kenya ni tundu 1 kwa wasichana 25 na 1 kwa wavulana 30. Sawa, lakini kuhesabu matundu hakutoshi kama kuna mtoto anayeogopa yote.

Pili, kila shule iwe na wasaidizi wawili waliofunzwa, ambao mama anawajua kwa sura na kwa jina. Tunasema wawili kwa sababu ya usalama. Mtoto asiyeweza kusema alichofanyiwa asiachwe na mtu yeyote tu, na asikabidhiwe mwanafunzi mkubwa ampeleke peke yake. Vijana wapo bloku zote, wamemaliza sekondari, wamekaa. Wafundisheni kazi hii.

Tatu, mtoto akirudishwa nyumbani, sababu ya kweli iandikwe, na apelekwe kwenye kituo cha EARC. Hivi ni vituo vya serikali vya kutathmini watoto wenye ulemavu, vilivyoanza Kenya tangu mwaka 1984. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi. Haikuongeza maneno "mradi ajue choo".

Na sisi wenyewe kwa wenyewe, vijana wenzetu, tuache kumwita mtoto wa jirani kikojozi au kichaa. Mama anayefungia mtoto ndani mara nyingi anakimbia midomo yetu. Mwambie, "Mama, twende wote shuleni tukaongee na mwalimu mkuu." Twendeni naye kweli, siku hiyohiyo.

Kikao kijacho cha wazazi kikifika, mmoja wetu asimame aulize swali moja tu: ni watoto wangapi wa shule hii wako nyumbani leo kwa sababu ya choo? Kama hakuna mwenye jibu, kazi ianzie hapo, kwa kwenda nyumba kwa nyumba kuandika majina yao.