Mbwa watatu, tabia tatu



Juma lililopita, tukimaliza kuhesabu pesa za kirimba, mama mmoja aliomba tuandike kidogo juu ya mbwa. Alisema katika avenu yao karibu kila parsele sasa iko na mbwa, na watoto wanashinda nao mchana kutwa. Tulicheka, maana sisi wenyewe tuko na watatu. Lakini tulipofika nyumbani tukaona kweli neno hili linafaa kuandikwa, kwa sababu mmoja wa hao watatu alitukosesha usingizi usiku kumi, na si kwa kubweka.

Parsele za Mapendo mnazijua. Nyumba za mbao juu ya mawe ya volkano, milango mitatu au minne katika kiwanja kimoja, bido za maji zimepangwa ukutani, kamba za nguo zinapita juu ya vichwa. Nafasi ya mtu yenyewe ni ndogo, sembuse ya mbwa. Hata hivyo tunawafuga, na sababu tunaijua wote: mtu akigusa mabati saa nane za usiku, mbwa anasikia kabla yetu.

Wa kwanza ni Simba. Huyu amechanganyika na wale mbwa wa Ujerumani tunaowaita berje: mkubwa, masikio yamesimama, mgongo mweusi. Wapita njia wakimwona wanahamia upande wa pili wa barabara. Lakini ndani ya parsele Simba ni kama mzee wa familia. Watoto wanamrukia, wanamvuta mkia, yeye anapiga miayo na kugeuka upande mwingine. Anachokichukia ni mlango kufunguliwa na mtu asiyemjua. Hapo anasimama katikati ya njia, habweki sana, anatazama tu, na mgeni mwenyewe anaita: "Hodi, mushike mbwa!"

Wa pili ni Makala, na huyo alikuja mwenyewe. Mnakumbuka siku ya posho, 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipowaka jioni mbingu ikawa nyekundu. Siku tano baadaye, alfajiri ya 27 Mei, gavana akatangaza kwamba mitaa 10 ya mji itoke, na Mapendo yetu ilikuwa katika hesabu hiyo. Tulibeba watoto, godoro moja na sufuria, tukashika njia ya Sake pamoja na watu wengine wote. Simba hatukuweza kumpeleka. Tulimfungua mnyororo, tukamwachia maji katika beseni, tukaenda bila kutazama nyuma, maana watoto walikuwa wanalia kwa ajili yake. Tuliporudi katika mwezi wa sita tulimkuta barazani, amekonda, na pembeni yake mbwa jike mwembamba, mweusi tititi, mbwa wa kienyeji kama wale wote wa mtaani. Hatukujua ametoka kwa nani. Watoto wakamwita Makala kwa rangi yake.

Makala hapendi kuguswa. Anakula haraka, anakwenda na sahani yake kwenye kona, analala pale anapoweza kuona mlango na ukuta pamoja. Ilichukua miezi mingi mpaka akubali mkono wa mtu. Lakini yeye ndiye anasikia kila kitu. Simba anasubiri mlango ufunguliwe. Makala anajua hatua za miguu zikiwa bado kwa jirani.

Wa tatu ni Popi, kambwa kadogo, keupe, manywele mpaka machoni. Jirani aliyehama mji alituachia, akasema, "Mutamutunza, anakula kidogo tu." Kweli anakula kidogo. Lakini anabwekea kuku, anabwekea motari, anabwekea mvua. Anataka kulala kitandani na watoto, na mama mkubwa wa nyumba hataki. Kila usiku vita vyao huanza upya.

Kwa hiyo tulijifunza kwamba mbwa watatu hawalishwi kama mbwa mmoja mara tatu. Tulipomwaga bugali na maji ya ndagala katika sahani moja, Makala alimeza yote kabla Simba hajainuka, na Popi akabaki analia. Sasa kila mmoja ana sahani yake na mahali pake, na mtu mzima ndiye anagawa. Mifupa ya kuku iliyopikwa hatuwapi tena, kwa sababu inapasuka kama sindano na inaweza kuchoma koo na tumbo. Simba tunamfunga mchana kwa saa chache tu, pale kivulini, maana mbwa wa kufungwa kutwa nzima anakuwa mkali hata kwa watu wake. Usiku anafunguliwa.

Kumpa kila mbwa kazi inayomfaa si jambo geni hapa kwetu. Tangu mwaka wa 2011, mbuga ya Virunga ilianza kufundisha mbwa pale Rumangabo, kwenye njia ya Rutshuru. Wengine ni mbwa wa Saint-Hubert, wale wenye masikio marefu na ngozi iliyokunjamana usoni. Wanafuata harufu ya mtu mmoja porini ili kuwapata majangili au mtu aliyepotea. Wengine ni wadogo wenye haraka, spanieli, wao wanatafuta pembe za ndovu na silaha zilizofichwa. Hakuna anayemlazimisha spanieli kufanya kazi ya Saint-Hubert. Na zamani, katika misitu ya nchi yetu, wawindaji walikuwa na mbwa ambaye wazungu wanamwita basenji. Huyo habweki kama wengine, kwa hiyo wawindaji wanamfunga kengele shingoni ili wajue yuko wapi.

Basi, tufike kwenye zile usiku kumi.

Ilikuwa siku ya yenga baada ya kanisa. Tulikuwa tumepika wali na maharagwe, na nyama kidogo. Tuliwagawia mbwa mabaki, kila mmoja kwenye kona yake. Mtoto wetu wa miaka 6 akamwona Popi anahangaika na mfupa mkubwa, akataka kumsaidia. Akashika mfupa. Popi akamuuma mkononi.

Kidonda kilikuwa kidogo, alama mbili za meno na damu kidogo tu. Tutasema ukweli: mwanzoni tulicheka. Popi! Yule kambwa! Kama angekuwa Simba tungelia mtaa mzima ukasikia. Mmoja wetu akakimbia kutafuta pilipili ya kupaka, kama bibi zetu walivyofanya. Mwingine akasema aweke petroli.

Ndipo shangazi yetu akauliza neno moja: "Huyu alichomwa sindano ya raje lini?"

Tukatazamana. Simba ana karatasi ya chanjo, kwa sababu tulimwogopa tangu mwanzo. Makala alichanjwa mwaka ule wa pili, kwa sababu alitoka barabarani na hatukumwamini. Popi hakuchanjwa hata mara moja. Kwa nini? Kwa sababu ni mdogo. Kwa sababu ni mweupe na analala karibu na watoto. Tulichanja wale tuliowaogopa, na yule aliyekuwa karibu zaidi na uso wa mtoto tukamsahau.

Raje, au kichaa cha mbwa, haiangalii ukubwa wa mbwa. Inakaa katika mate, inaingia kwa jeraha hata dogo, na pia mbwa akilamba mahali ngozi imechubuka. Karibu watu wote wanaokufa kwa ugonjwa huu duniani waliupata kwa mbwa, na katika kila watu 10 wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa, karibu 4 ni watoto walio chini ya miaka 15. Mara nyingi mtu hukaa miezi miwili au mitatu bila kusikia kitu. Lakini dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Kabla ya hapo chanjo inamwokoa. Ndivyo alivyookolewa mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, kule Ufaransa, Louis Pasteur alipomtibu kuanzia tarehe 6 Julai 1885.

Kwa hiyo pilipili tuliiweka kando. Tulichukua bido la maji na sabuni ya kufulia, tukaosha ule mkono dakika 15 kwa saa. Dakika 15 ni ndefu, wamama. Mtoto alilia, maji yaliisha, jirani akaleta bido lake. Kisha tukapanda motari mpaka kituo cha afya. Munganga alisema tumefanya vizuri kuosha, na kwamba hatungojei kuona kama mbwa atakufa. Sindano zinaanza mara moja, yeye ndiye anaamua ni ngapi na siku gani. Pesa hatukuwa nazo zote. Kirimba ilitusaidia, na mpaka leo tunashukuru kila mama aliyekubali zamu yake ingoje.

Popi naye, munganga alisema asiuawe wala asifukuzwe. Afungwe mahali salama, apewe chakula na maji, aangaliwe siku 10. Mbwa aliyekuwa na ugonjwa katika mate siku alipouma, kwa kawaida ataonyesha dalili au atakufa ndani ya siku hizo. Ukimuua na kumtupa, umejinyima habari hiyo.

Tukauliza dalili ni zipi. Munganga hakuanza na povu mdomoni, kama tunavyosikia wote. Aliuliza: "Huyo mbwa kwa kawaida yukoje?" Alisema ugonjwa huu mara nyingi huanza kwa kubadili tabia. Mpole anakuwa mkali, anauma hata mbao. Mkali anakuwa mpole kupita kiasi, anatafuta giza. Sauti inabadilika, anashindwa kumeza, mate yanatoka, miguu ya nyuma inalegea. Lakini nani ataona kwamba tabia imebadilika, kama hakuna aliyejua tabia ya kwanza?

Tulilitafakari neno hilo usiku kucha. Makala akikaa kwenye kona peke yake, kwetu ni siku ya kawaida. Popi akikaa kwenye kona peke yake, ni hatari. Simba akinyamaza ni Simba. Popi akinyamaza ni lazima tuamke. Kwa siku 10 tuliamka kwa zamu kusikiliza kama Popi bado anabweka. Tuliokuwa tunamtukana kwa kelele tulikuwa tunaomba Mungu apige kelele. Na alipiga. Alibwekea motari, alibwekea kuku, siku ya saba alibwekea mvua, na mama mkubwa, yule asiyemtaka kitandani, akasema, "Asante, Yesu."

Siku ya kumi na moja veterineri alimwona Popi, akakuta ni mzima, akamchanja. Mtoto wetu yuko vizuri. Anarudi kucheza na Simba, Makala anamwacha apite, na Popi anamsalimia kutoka mbali wakati wa chakula. Hilo yeye mwenyewe alilijifunza.

Kwa hiyo, wamama, kwa juma hili tunawaomba mfanye haya nyumbani:

Mbwa wote wa parsele wachanjwe, pamoja na yule mdogo, yule mzee na yule asiyetoka nje. Mtoto wa mbwa anaweza kuanza akifika miezi 3, kisha chanjo inarudiwa kwa tarehe iliyoandikwa kwenye karatasi. Karatasi iwekwe pamoja na zile za chanjo za watoto.

Wafundisheni watoto mambo matatu: hatumgusi mbwa anayekula, hatumwamshi mbwa aliyelala, hatumshiki mbwa aliye na watoto wake. Na mbwa wa barabarani akija, mtoto asikimbie. Asimame kama mti, mikono chini, asimtazame machoni.

Mtu akiumwa: maji na sabuni dakika 15, bila pilipili, bila petroli, bila majani, kisha kituo cha afya siku ile ile, hata kama jeraha ni kama la sindano, hata kama mbwa ni wenu.

Na kwenye mkutano ujao, kila mama mwenye mbwa atuambie mbwa wake yukoje siku za kawaida: anakula vipi, analala wapi, anamchukia nani. Tutacheka, tunajua. Lakini mwenzako akijua tabia ya mbwa wako, siku utakapokuwa sokoni yeye ndiye ataona kwamba kuna kitu kimebadilika, na atawaita watoto wako ndani.

Mkae na amani.