Muziki wa Nyota na Kinanda cha Kwaya Yetu



Ndugu wapendwa, tafakari ya juma hili naianza kwa kuungama kosa.

Dominika mbili zilizopita, katika kigango kimoja cha upande wa Handeni, kijana anayepiga kinanda alifanya jambo ambalo hatujalizoea. Baada ya Komunyo alizima mdundo wa kinanda, akachagua sauti ya nyuzi, akapiga polepole muziki usio na maneno. Hakuna aliyeinuka, hakuna aliyekohoa, hata watoto walitulia. Misa ilipokwisha mzee mmoja aliniuliza, “Baba Paroko, wimbo ule umo katika kitabu gani?” Nikamwita kijana. Akajibu bila kuficha kwamba ni muziki wa tamthilia ya televisheni, inayosimulia safari za watu kati ya nyota katika miaka mingi ijayo.

Nilimkaripia mbele ya wanakwaya wenzake. Nilimwambia kwamba kanisa si banda la video. Alifunika kinanda kwa kitambaa chake, akanipa shikamoo, akaondoka. Mazoezi ya Jumatano hakuonekana, wala ya Jumamosi.

Kisha mama yake alinijia. “Baba, mtoto huyu hanywi, hazururi usiku, na hasikilizi nyimbo za matusi. Husikiliza muziki huo akiwa peke yake, ananyamaza. Kosa lake hasa ni lipi?” Sikuwa na jibu. Nikamwomba kijana anisindikize safari ya Korogwe, aje na muziki wake. Alichomeka flashi yake katika redio ya gari, na kutoka Handeni hadi kwenye mashamba ya mkonge hatukuzungumza. Tulisikiliza.

Niliyoyasikia, na niliyojifunza baadaye, yamenibadilisha mawazo.

Tuanze na tarehe. Tarehe 22 Novemba ni sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki. Siku hiyo mwaka 1903, Papa Pius X alitoa hati juu ya muziki mtakatifu, ambayo ilikataza piano kanisani, na pamoja nayo ngoma na vyombo vingine vilivyohesabiwa kuwa vya kelele. Miaka 60 baadaye, tarehe 23 Novemba 1963, televisheni ya BBC huko Uingereza ilirusha kwa mara ya kwanza tamthilia iitwayo Doctor Who. Muziki wake wa kufungulia ulitungwa na Ron Grainer, lakini aliyeufanya usikike ni mwanamke aliyesomea hisabati na muziki, Delia Derbyshire. Hakuwa na okestra, wala kinanda cha umeme kama chetu. Alichukua uzi mmoja uliodonolewa na milio ya mitambo ya kupimia sauti, akairekodi katika kanda, akazikata kanda hizo vipande vipande kwa wembe na kuziunganisha, noti baada ya noti. Grainer alitaka mwenzake huyo atambuliwe kwa kazi hiyo, lakini utaratibu wa shirika haukuruhusu. Jina lake lilionyeshwa katika tamthilia hiyo mwaka 2013 tu, na yeye alikuwa amefariki mwaka 2001.

Siku 11 baada ya muziki huo kusikika, tarehe 4 Desemba 1963, Papa Paulo VI alitangaza Konstitusio ya Mtaguso juu ya Liturujia. Hati hiyo iliendelea kuiheshimu ogani, lakini iliagiza pia kwamba muziki wa asili wa mataifa upewe thamani inayoustahili, na ikaruhusu vyombo vingine viingie katika ibada, ilimradi vinafaa au vinaweza kufanywa vifae. Ngoma na kayamba tunazozipiga leo zilipitia mlango huo. Kilichohesabiwa kuwa kelele mwaka 1903 kilikuwa sifa kwa Mungu mwaka 1963, na ngoma yenyewe haikuwa imebadilika. Sikio la Kanisa ndilo lililojifunza.

Desemba hiyohiyo Zanzibar na Kenya zilipata uhuru, na neno hilo letu halikukawia kufika angani. Tarehe 8 Septemba 1966 tamthilia ya Star Trek ilianza nchini Marekani, na ndani yake alikuwamo afisa wa mawasiliano, Mwafrika, aliyeitwa Uhura, jina lililotokana na “uhuru”. Mwigizaji wake alikuwa Nichelle Nichols, aliyefariki mwaka 2022. Katika muziki wa kufungulia tamthilia hiyo, kazi ya Alexander Courage, husikika sauti ya juu inayoelea, ambayo wengi wameidhania kuwa chombo cha umeme. Ni koo la binadamu: mwimbaji Loulie Jean Norman. Basi tazameni tulivyo wepesi wa kuhukumu. Tunaposikia mashine, mwimbaji yuko pale. Na penye mashine tupu, kuna mwanamke aliyeinama juu ya kanda na wembe, akitafuta uzuri kwa uvumilivu ambao watawa wengi wangeutambua.

Jambo jingine lilinigusa zaidi. Kijana alinisikilizisha muziki wa Battlestar Galactica, tamthilia iliyotengenezwa upya kuanzia miaka ya 2003 na 2004. Mtunzi wake mkuu, Bear McCreary, alipotakiwa kuwapigia muziki watu waliopotea angani, alitumia ngoma kubwa za Japani na duduk, zumari ya Armenia yenye sauti kama ya mtu anayeomboleza. Ili kuieleza kesho ya mbali, alirudi kwenye ngozi na mwanzi. Nasi huku Korogwe na Handeni tunafanya kinyume: ngoma iko stoo imeliwa na panya, na kinanda kinapiga mdundo wake wenyewe kwa kubonyeza kitufe kimoja, uleule kwa Noeli na kwa maziko.

Je, nasema muziki wa tamthilia uingie katika Misa? Hapana, na sababu yangu si kwamba ni mchafu. Muziki wa televisheni umetungwa kutumikia picha: hutuambia sasa ogopa, sasa lia, sasa mshujaa amefika. Muziki wa Misa hutumikia Neno na Sadaka, nao hauna ruhusa ya kutulazimisha machozi. Tena anayeutambua muziki ule, akili yake hukimbilia picha alizoziona, na mbele ya altare hilo ni hasara. Katika hilo bado nasimama.

Lakini nje ya Misa, nyumbani, njiani na jioni baada ya kazi, nasema kwa moyo mweupe: sikilizeni. Masikio yetu yamechoka. Kituo cha mabasi kina spika zake, baa ina zake, muuza dawa za mende ana yake, na simu mfukoni hailali. Kijana anayekaa nusu saa akifuata muziki usio na maneno, akingoja zumari irudi, anajifunza kunyamaza na kungoja. Asiyejua kungoja noti atamngojaje Mungu? Mzaburi alizitazama mbingu akasikia ndani yake utukufu wa Muumba. Watunzi hawa wamezitazama mbingu zilezile, na hata asiyesali miongoni mwao ameustaajabia ukubwa wake. Mshangao huo ni ua wa nje wa hekalu. Tusimfukuze mtu uani kwa kuwa hajaingia ndani.

Nami nilimfukuza. Yule mzee aliyeuliza kuhusu kitabu hakuwa analalamika, kama nilivyodhani kwa haraka. Juzi aliniambia kwamba alitaka kitabu kile ili wimbo upigwe siku ya maziko yake.

Jumatano iliyopita nilisimama mbele ya wanakwaya walewale niliomkaripia mbele yao, nikamwomba radhi kijana. Kosa lililotendwa hadharani haliponywi faraghani. Tumekubaliana mambo matatu. Amerudi kwenye kinanda. Baada ya Komunyo tutakuwa na kimya kwanza, kisha wimbo wa kwaya, na mdundo wa kitufe hautatumika tena. Na ngoma itatolewa stoo ikawambwe ngozi mpya. Kijana mwenyewe ameomba kuisimamia. Ametaka pia kutunga muziki wake wa shukrani, wa ngoma na sauti ya nyuzi. Nimemwambia atunge, nami nitausikiliza wote kabla ya kusema neno.

Wazazi, mtoto wenu akivaa visikilizio msianze na karipio. Mwombeni kimoja, mkae naye, mwulize anasikia nini. Huenda mkakuta takataka, na hapo mtamwonya mkijua mnachokionya. Huenda pia mkakuta mbingu.

Nawatakieni Dominika njema. Mungu awabariki.