DADA WA STATUS, MTOTO WA JIRANI SI KICHEKESHO CHAKO!

Haya wadau, Kikwajuni kumenoga tena. Dada mmoja maarufu kwa status zake (jina kapuni) kamrekodi mtoto wa jirani, miaka 7, kaparamia dirisha la fleti, mguu mmoja nje. Akaandika: "Malezi ya siku hizi haya." Watu wakacheka weee.

Hivi huyo mrekodi hakuona kwamba kwanza ni kumshusha?

Mtoto yule hamalizi sahani ya wali kwa mkao mmoja. Skuli analalamikiwa, chuoni anakula bakora, nyumbani mama halali. Keshanyweshwa makombe, kwa mganga keshapelekwa, na bado. Madaktari wanaiita ADHD: ubongo unashindwa kutuliza mwili na kushika jambo moja. Si jeuri. Huanza kabla ya miaka 12, huenda miezi 6 na zaidi, tena nyumbani na skuli kote. Bakora haiitibu. Kinachosaidia ni mzazi na mwalimu kufundishwa namna ya kumshika mtoto: maagizo mafupi, ratiba ile ile kila siku, na wengine hupewa dawa.

Sasa sikia kituko. Mama alipopanga kwenda Kidongo Chekundu kuuliza, nani alimwambia "unataka mwanao aitwe mwendawazimu"? Huyo huyo wa status! Kwa mganga ruksa, kwa daktari aibu.

Sheria ya Mtoto Zanzibar ipo tangu 2011, na sura ya mtoto yule inazunguka kwenye simu za mtaa mzima. Futa hiyo video, shoga, kisha kagonge mlango umwombe radhi mama yake.