Kabla ya Kuchangisha Seva Mpya, Tupime Foleni



Katika ofisi zetu za Kanisa, parokiani, zahanati na hata shuleni, jibu linalotolewa kuliko yote siku hizi ni "mtandao upo chini". Anayejibiwa hivyo hurudi kukaa kwenye benchi. Mara nyingi mtandao wenyewe ni mzima kabisa na tatizo liko kwingine, ila hakuna aliyeangalia. Naandika makala hii kwa sababu naona tumeanza kuwachangisha waamini fedha za kutibu ugonjwa ambao hatujaupima.

Niliwahi kuitwa kwenye kituo kimoja cha afya, upande wa Njombe, ambako mfumo wa usajili na malipo ulikuwa unakwama kila asubuhi. Karani anaandika jina la mgonjwa, anabonyeza, skrini inaganda. Mama aliyepanda gari la alfajiri kutoka kijijini, mtoto mgongoni ana homa, anasubiri namba ya malipo ndipo aruhusiwe kumwona daktari. Ikifika saa sita mchana mfumo unachangamka wenyewe, kana kwamba nao ulikuwa umesikia kengele. Kamati ilikwisha kubaliana kununua seva mpya, na barua ya michango kwenda jumuiya ndogo ndogo ilikuwa imechapwa. Wachangiaji ni wakulima wa viazi na wachuma chai, na bei ya viazi sote tunaijua inavyoyumba.

Tukaomba siku tatu na daftari. Kila nusu saa tuliandika mambo manne: prosesa imeshughulika kwa asilimia ngapi, kumbukumbu imebaki kiasi gani, diski ina kazi kiasi gani, na mtandao unapitisha nini. Prosesa ilikuwa karibu imelala. Kumbukumbu ilitosha. Diski ndiyo ilikuwa imeelemewa, tena kuanzia saa tatu kamili asubuhi, kila siku. Kumbe fundi aliagizwa kwamba kazi ya kutunza nakala za akiba ifanyike saa tisa usiku, naye akaandika 9:00. Kompyuta haihesabu saa kwa Kiswahili. Kwake 9:00 ni saa tatu asubuhi, wakati foleni imeshafika mlangoni. Tuliandika 3:00, na barua ya michango ikarudi kabatini.

Si kila mara tiba huwa rahisi hivyo. Kuna wakati mfumo umezidiwa kweli, na hapo hesabu ni ya kujua umezidiwa wapi na kwa kiasi gani. Anayepita Makambako anaifahamu hesabu hii hata kama hajaiandika. Malori ya barabara kuu ya Zambia hayafiki kwenye mizani moja moja kwa kupishana sawasawa. Yanakuja kwa makundi, kisha pakapoa, kisha yakaja tena. Kwa hiyo mizani inaweza kuwa na nafasi ukiitazama kwa wastani wa siku, na bado dereva akakaa sana kwenye foleni.

Mtaalamu wa hisabati wa Denmark, Agner Krarup Erlang, aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha mwaka 1909 hesabu za namna simu zinavyoingia bila mpangilio. Wataalamu wa kompyuta wanaendelea kutumia hesabu za aina hiyo. Chukua karani mmoja anayehudumia mtu kwa wastani wa dakika 3, wengine upesi, wengine polepole, nao wanafika bila ratiba. Akiwa na shughuli nusu ya muda wake, anayefika atasubiri kwa wastani dakika 3. Akiwa na shughuli asilimia 80, kusubiri kunakuwa dakika 12. Asilimia 90, dakika 27. Asilimia 95, dakika 57! Seva nayo ni hivyo hivyo. Kwa hiyo mhasibu anayelalamika kwamba tumenunua mashine "inayokaa bure nusu ya muda" aelezwe kwa upole kwamba nusu ile ndiyo inayompokea mgonjwa wa ghafla.

Siku ya kupimia ni ile ya msongamano. Tunakumbuka usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, ambao ulihitaji namba ya NIDA. Mwisho ulikuwa 31 Desemba 2019, ukasogezwa hadi 20 Januari 2020, na foleni kwenye ofisi za usajili zilikuwa ndefu nchi nzima. Anayetangaza siku ya mwisho ameshaamua kwamba watu wengi watafika pamoja, hata kama hakukusudia. Shule zetu zinazopokea fomu za kujiunga kwa mtandao zingeweza kugawa tarehe kwa madarasa au kwa wilaya, na hilo halina gharama yoyote.

Kuna jambo jingine linalosahaulika. Reli ya TAZARA, inayopita hapo Makambako, ilikabidhiwa mwaka 1976 ikiwa imesanifiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka. Haijawahi kuzifikia, na sababu mojawapo kubwa ni uhaba wa vichwa vya treni na mabehewa. Reli yenyewe ipo, lakini mzigo unapita kwa kadiri ya sehemu iliyo finyu zaidi. Chumba cha kompyuta cha seminari kinaweza kuletewa mashine 30 mpya, na zote zikagombania kifurushi kile kile cha intaneti kilichokuwa kinasumbua mashine 10 za zamani. Wafadhili hupenda picha za kompyuta mpya. Sijaona aliyeomba kupigwa picha na daftari la vipimo.

Basi pendekezo langu kwa maparoko na wakuu wa shule ni hili. Kabla barua ya michango haijasomwa kanisani, apatikane mtu mmoja, mseminari aliye likizo anafaa sana, aandike vipimo vile vinne kwa wiki mbili: wiki moja ya kawaida, na nyingine ya msongamano, kama ile ya kufungua shule Januari, au ile ya kabla ya kipaimara, ofisi inapotafuta kumbukumbu za ubatizo kwa mamia. Ikionekana seva mpya inahitajika kweli, inunuliwe, na ukurasa wa daftari uambatishwe kwenye barua ili mchangiaji auone.